Wanaosoma Ng'ambo Waandike Waliyoyaona

Kila mwaka vijana wa Mkoa wa Kagera huagana na jamaa zao katika vijiji vya Bukoba na Muleba na kushika safari ya kwenda kusoma katika nchi za mbali. Wengine hulipiwa na serikali, wengine na makanisa, wengine na vyuo vya huko waendako, na wengine na mzazi aliyeuza kahawa yake yote ya msimu. Wakirudi, swali la kwanza wanaloulizwa na mwajiri ni moja tu: cheti kiko wapi? Shahada ya chuo cha nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu ikatambuliwe, nakala yake hutiwa ndani ya jalada, jalada hurudishwa kabatini, na safari ya miaka minne huhesabiwa kuwa imekwisha.

Hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba cheti hakina maana. Daktari hana budi kuujua udaktari, na mhandisi hana budi kuijua kazi ya kujenga daraja. Lakini mwanafunzi aliyekaa ugenini miaka minne hakukaa darasani miaka minne. Saa alizokuwa mbele ya mwalimu zilikuwa chache. Saa nyingine zote alikuwa katika basi, dukani, jikoni, katika foleni ya benki, hospitalini, kazini akiosha sahani ili apate kodi ya chumba, na chumbani peke yake usiku wa baridi. Huko nako alikuwa anasoma. Alisoma jinsi watu wengine wanavyoishi, wanavyogawana kazi, wanavyotunza mali ya umma, wanavyowalea wazee wao au kuwasahau. Elimu hiyo ya pili haina mtihani wala cheti, na ndiyo inayopotea. Mwajiri haiulizi, mwanafunzi haiandiki, na watoto wa shule wanaoitamani safari hiyo hiyo hawaisikii.

Hasara hiyo si ya mtu mmoja, ni ya taifa. Dawa yake inajulikana, nayo haina gharama kubwa: anayekwenda kusoma ng'ambo aandike, kwa Kiswahili, maisha ya kila siku aliyoyaona, na maandishi yake yawekwe mahali ambapo mwananchi atayasoma.

NJIA YA ZAMANI

Kwa watu wa Kagera safari ya masomo nje ya nchi haikuanza na ndege. Kabla ya uhuru, kijana wa Bukoba aliyetafuta elimu ya juu aghalabu alielekea kaskazini, akavuka mpaka kuingia Uganda. Aliyetaka chuo alikwenda Makerere; aliyetaka upadri alikwenda Katigondo, karibu na Masaka. Huko alikuta migomba kama ya kwao na lugha iliyo ndugu ya lugha yake, lakini hata hivyo alikuwa mgeni, akajifunza kuishi kwa utaratibu wa wenyeji.

Njia hiyo ndiyo aliyopita Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 Bukongo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba. Alisoma Katigondo, akapewa upadri mwaka 1943, na mwaka 1948 akapelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa. Italia aliyoikuta ilikuwa imetoka katika vita miaka mitatu tu iliyopita. Alirejea na shahada ya udaktari mwaka 1951, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa Kardinali.

Baada yake alikwenda Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925 Kashenye, Bukoba. Yeye alisoma theolojia Bethel, Ujerumani, na baadaye Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu wa Kilutheri, na kuanzia mwaka 1977 hadi 1984 alikuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Katika kizazi kilichofuata, Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, alisomea uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Uswidi, kilichoko Uppsala, akapata udaktari, na baadaye akaliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi.

Majina hayo matatu yanajulikana kwa vyeo. Mtoto wa shule ya sekondari anaweza kutaja mwaka ambao Rugambwa alipewa ukardinali. Lakini siyo desturi darasani kuuliza: padri kijana kutoka nchi ya migomba aliishije katika Roma ya mwaka 1948? Alikula nini? Nani alimsalimu njiani, na nani alimkwepa? Hayo huonekana kuwa mambo madogo, yasiyostahili kuandikwa ubaoni.

Si madogo hata kidogo. Chukua mfano wa Bethel, ambako wamisionari wa Kijerumani waliofika Bukoba mwaka 1910 walitoka. Bethel si chuo tu. Tangu mwaka 1867 ni makazi ya wagonjwa wa kifafa na watu wenye ulemavu, na chuo cha theolojia cha pale kilikuwa katikati ya makazi hayo. Mwanafunzi aliyeishi pale alikutana na wagonjwa kila siku, njiani, kanisani na katika karakana walimofanya kazi. Mtu atokaye katika nchi ambako mgonjwa wa kifafa mara nyingi alifichwa nyuma ya nyumba, au aliogopwa kana kwamba ugonjwa wake huambukiza kwa mate, alikuwa anapewa somo kubwa kila alipotoka kwenda kununua mkate. Somo hilo halikuwa katika ratiba ya chuo.

WAGENI WALIOISOMA KAGERA

Ili kuona uzito wa jambo hili, yafaa kutazama msafara wa upande wa pili. Wakati vijana wa Kagera wanakwenda kusoma kwa wageni, vijana wa kigeni nao wamekuwa wakija kusoma Kagera. Na wao hawakuja kusoma vitabu, walikuja kusoma watu.

Katikati ya miaka ya 1960 alifika Bukoba kijana wa Kiswidi, Göran Hydén, akitafuta kujua jinsi siasa ya nchi iliyopata uhuru karibuni ilivyopokelewa vijijini. Mwaka 1968 kitabu chake kilichapishwa Lund, Uswidi, kwa jina la Kiswahili, TANU Yajenga Nchi. Jina ni la Kiswahili, lakini yaliyomo yote ni kwa Kiingereza. Mwaka 1975 Wadenmark wawili, Jørgen na Karin Rald, walitoa kitabu juu ya mpangilio wa maisha ya vijijini katika Wilaya ya Bukoba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuja Mmarekani Brad Weiss, na kitabu chake cha mwaka 1996 kinazungumzia mambo ambayo mwenyeji asingefikiri kuyaandikia hata barua: moto wa jikoni, upishi wa ndizi, mlo wa pamoja, mgeni anavyokaribishwa, nyumba, shamba na maradhi.

Lakini aliyeonyesha zaidi faida ya kukaa na watu ni Mmarekani Peter Schmidt, aliyefika mwaka 1969 akiwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari. Katika kijiji cha Katuruka, Maruku, karibu na mji wa Bukoba, wazee walimweleza habari za mfalme Rugomora Mahe na za mti mtakatifu wa Kaiija, mahali ambapo mapokeo yao yalipahusisha na kazi ya chuma. Mwanafunzi yule hakuzidharau simulizi hizo. Alipochimba pale mwaka 1970 alikuta mabaki ya kale ya tanuru za chuma. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza matokeo yao katika jarida la Science la Marekani. Dunia ikasoma kwamba wenyeji wa magharibi ya Ziwa Victoria walikuwa na ufundi wa hali ya juu wa kuyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Walimu wa mwanafunzi huyo walikuwa nani? Walikuwa wazee wasiokuwa na cheti chochote. Darasa lake lilikuwa kivuli cha migomba, kibuyu cha lubisi na buni za kutafuna zilizowekwa mbele ya mgeni kama desturi ya Kihaya ilivyo. Kwa sababu alijua kukaa, kusikiliza na kuandika, alitoka na elimu ambayo wenyeji walikuwa nayo siku zote bila ya kuiita elimu.

Hapa si mahali pa kuwalaumu wageni hao. Walifanya kazi ya mwanafunzi ipasavyo. Hata sheria za nchi zinamtaka mtafiti mgeni apate kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia na atoe taarifa ya kazi yake. Lakini jambo moja ni la kutafakari. Mwanafunzi mgeni akija Muleba, humsoma Mhaya. Mwanafunzi wa Kihaya akienda Uppsala, mara nyingi naye humsoma Mhaya: huandika tasnifu juu ya migomba ya Muleba, kahawa ya Bukoba au shule za Kagera. Kazi hiyo ina faida yake. Makala ya Tibaijuka ya mwaka 1994 juu ya mgawanyo wa kazi kati ya wanawake na wanaume katika mashamba ya migomba na kahawa ya Kagera ni mfano mwema, kwani yalionyesha kwa hesabu hasara inayotokana na kumzuia mwanamke asishike kazi fulani na mwanamume asishike nyingine. Lakini yuko wapi Mhaya aliyekaa miaka minne na mkulima wa Uswidi, akaandika jikoni mwake mna nini, maziwa yake anayauza vipi, na urithi wa shamba lake anaugawaje? Pande zote mbili zimekuwa zikimtazama mtu mmoja tu. Mwenzake hajatazamwa bado.

WALIOANDIKA ZAMANI

Asidhani mtu kwamba kuandika habari za ugenini kwa Kiswahili ni jambo geni. Amur bin Nasur, aliyefundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, aliandika habari zake kwa Kiswahili. Selim bin Abakari alisafiri mwaka 1896 pamoja na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, na maelezo ya safari yake yalichapishwa mwaka 1901. Watu hao hawakuwa na shahada. Walikuwa na macho, na waliheshimu waliyoyaona kiasi cha kuyatia kalamuni.

Mfano ulio karibu zaidi na Kagera ni wa mwaka 1931. Mwaka huo Waafrika watatu kutoka Tanganyika walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyokuwa inachunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Watatu hao walikuwa Martin Kayamba wa Tanga, Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamgira wa Bukoba. Kayamba aliporudi hakuridhika na kutoa taarifa kwa wakubwa. Mwaka 1932 kilitoka kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Lwamgira naye alikuwa mwandishi: kitabu chake cha historia ya Kiziba, kwa lugha ya Kihaya, kilichapishwa Kashozi mwaka 1949. Kwa hiyo Bukoba ilikuwa na mtu aliyefika London na aliyejua kuandika. Safari hiyo leo inasomeka katika Kiswahili kwa sababu mmoja wa watatu hao aliona kwamba wananchi waliobaki nyumbani nao walikuwa na haki ya kujua yaliyoonekana.

Haki hiyo haijafutwa. Tena leo wanaosafiri ni wengi kuliko watatu.

MAISHA YA KILA SIKU NI SOMO

Mtu anaweza kuuliza: je, mwanafunzi aandike nini? Uswidi itoshe kuwa mfano, kwa kuwa watu wake wamekuwa na uhusiano na Bukoba tangu wamisionari wao walipofika mwaka 1942. Mmoja wao, mwalimu Barbro Johansson, aliongoza shule ya wasichana ya Kashasha, Muleba, akachukua uraia wa Tanganyika baada ya uhuru na kuwa Mbunge.

Kijana wa Muleba akifika Uppsala, jambo la kwanza linalomshangaza ni jua. Kwao Kagera, karibu na ikweta, jua huchwea karibu saa moja jioni mwaka mzima. Uppsala, mwezi Desemba, saa tisa alasiri jua limekwisha zama, na mwezi Juni mwanga hauondoki hata usiku wa manane. Hilo si jambo la kustaajabia tu. Ni somo la jiografia ambalo mwalimu wa darasa la saba hulifundisha kwa kuzungusha chungwa mbele ya taa, bila ya yeye mwenyewe kulisadiki sawasawa. Barua moja ya mwanafunzi aliyeishi Desemba mbili katika giza hilo ingemsaidia mwalimu kuliko machungwa kumi.

Jambo la pili ni kufua nguo. Katika nyumba nyingi za kupanga za Waswidi kuna chumba kimoja cha kufulia, na kila mpangaji huandika saa yake katika ubao au daftari. Asiyefika kwa saa yake hupoteza zamu. Asiyesafisha mashine baada ya kufua huandikiwa karatasi ya lawama. Hakuna mlinzi, hakuna mwenyekiti, na hakuna anayepiga kelele. Mtumishi wa serikali anayejua jinsi pampu ya kijiji inavyokufa kwa sababu kila mtu ni mwenyewe na hakuna mwenyewe, atatamani kujua watu hao waliufikiaje utaratibu huo, na ni wapi unapowashinda.

Jambo la tatu linahusu ofisi. Tangu mwaka 1766 Waswidi wamekuwa na sheria inayompa mwananchi haki ya kusoma nyaraka za serikali, isipokuwa zile ambazo sheria imezifunga. Mtu huingia katika ofisi ya mji, akaomba waraka, na karani haruhusiwi kumwuliza anautakia nini. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake akirudi kuwa ofisa wa wilaya, amekuja na elimu ambayo haikuandikwa katika cheti chake cha misitu au cha uhasibu. Lakini kwa kuwa haulizwi, baada ya miezi sita naye atakuwa anasema “njoo kesho” kama wenzake.

Jambo la nne ni kahawa, na hili lamgusa kila mkulima wa Bukoba na Muleba. Waswidi na jirani zao Wafini ni miongoni mwa watu wanaokunywa kahawa nyingi zaidi duniani kwa hesabu ya kila mtu. Katika ofisi zao kazi husimama kwa ajili ya kahawa, na anayekataa kukaa na wenzake wakati huo huonekana mtu wa ajabu. Wao hupenda zaidi arabika. Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, ambayo inapendwa zaidi na wachanganyaji wa Italia kwa ajili ya kahawa yao nzito yenye povu, na na viwanda vya kahawa ya kuyeyuka katika maji ya moto. Mkulima wa Kamachumu anayeuza kahawa ya maganda kwa chama chake cha msingi hawezi kuyajua hayo kwa kutazama gunia. Lakini mwanawe aliye Milan au Uppsala huinywa kahawa hiyo kila siku, huiona bei yake dukani, huona jina la nchi gani limeandikwa juu ya pakiti na jina la nchi gani limeachwa. Amekaa miaka minne mezani pa mnunuzi. Kurudi bila ya neno juu ya hilo ni sawa na mtu aliyetumwa mnadani akarudi bila ya kujua bei.

Jambo la tano ni zito zaidi, nalo ndilo linalofichwa zaidi. Ni upweke. Mtoto wa Kihaya hulelewa katika kusalimiana. Hampiti mkubwa njiani pasipo kusimama. Msichana hupiga magoti, na neno “waitu” hutangulia ombi lolote. Anakwenda mahali ambapo majirani hupishana ngazini bila ya kutazamana, na ambapo profesa mwenye mvi huitwa kwa jina lake la kwanza na wanafunzi wake. Mwezi wa kwanza hudhani ametukanwa; mwezi wa sita hudhani amesahauliwa; na wengine katika hali hiyo huugua, huacha masomo au huingia katika ulevi. Anayejua mapema kwamba ukimya wa jirani si chuki, bali ni njia yake ya kukuheshimu, ameokolewa na maumivu mengi. Nani atamwambia? Si kitabu cha fizikia.

UONGO WA MASHUKA

Wako watakaosema kwamba siku hizi hayo yote yamo katika simu. Kweli, picha ya Stockholm huonekana Muleba kwa dakika moja. Lakini picha huchaguliwa na aliyeipiga. Huonyesha theluji, haionyeshi vidole vilivyokufa ganzi. Huonyesha gari zuri lililoegeshwa barabarani. Haionyeshi kwamba mwenyewe ni mtu mwingine. Mwanafunzi anayeosha sahani hadi saa sita usiku hapigi picha ya sahani. Fedha anayotuma nyumbani husomwa kama dalili ya utajiri, naye kwa aibu huuacha uongo huo uendelee. Akirudi, hutandika maneno mazuri juu ya shida zake kama mtu atandikavyo shuka safi juu ya godoro lililochanika.

Madhara ya uongo huo si kidogo. Kijana wa kidato cha nne anayeamini kwamba ng'ambo fedha huokotwa, huacha shamba, huacha ufundi, na wengine huuza walichonacho kuwapa mawakala wa ulaghai. Mzazi anayeamini hivyo humdai mwanawe vitu ambavyo mwanafunzi hana. Na nchi inayoamini hivyo hudhani maendeleo ya wengine ni tabia ya rangi yao au ya ardhi yao. Mwanafunzi mwenye macho angewaambia kwamba Waswidi walipata njaa kali mwaka 1867 na 1868, na kwamba zaidi ya Waswidi milioni moja waliihama nchi yao kwenda Marekani kati ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kwa sababu ya umaskini. Mambo hayo yako katika makumbusho yao na katika masimulizi ya bibi zao. Yanahitaji mtu wa kuyauliza.

Wako pia watakaosema kwamba mwanafunzi hana nafasi, kwani mitihani ni mingi. Jibu ni kwamba haombwi kuandika kitabu kama cha Kayamba. Kurasa ishirini katika miaka minne ni kurasa tano kwa mwaka. Mwanafunzi anayeshindwa kuandika kurasa tano kwa mwaka juu ya maisha anayoyaishi, huenda hata mitihani hiyo anaipita kwa kukariri.

YA KUFANYA

Kazi hii inaweza kuanzia Kagera, bila ya kungoja waraka kutoka Dodoma. Walimu wa shule za sekondari za mkoa huo, kuanzia Ihungo, Kahororo na Rugambwa hadi Rubya, wanawajua wanafunzi wao wa zamani walioko nje. Na waandikishe darasa orodha ya maswali. Huko ulipo maji hulipiwa vipi? Mzee asiye na mtoto hutunzwa na nani? Taka za jikoni huenda wapi? Mwalimu hulipwa kiasi gani akilinganishwa na daktari? Mkulima akitaka mkopo hupeleka dhamana gani? Maswali ya watoto mara nyingi ni makali kuliko ya wataalamu, kwa sababu mtoto haoni haya kuuliza jambo dogo.

Viongozi wa idara wanaowaruhusu watumishi kwenda masomoni nao wana sehemu yao. Pamoja na nakala ya cheti, na wamtake anayerudi alete maelezo yake kwa Kiswahili: mambo aliyoyaona yanayofaa kuigwa katika idara yake, mambo yasiyofaa, na sababu za yote mawili. Maelezo hayo yasifungiwe katika jalada lake binafsi. Nakala moja na iwekwe katika maktaba ya mkoa mjini Bukoba, na nyingine zipelekwe katika shule. Maktaba hiyo hiyo na idai pia vitabu vya wageni walioisoma Kagera, ili mjukuu wa mzee aliyeyeyusha chuma mwaka 1976 asilazimike kwenda Marekani kumsoma babu yake. Na walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza washirikiane kuvifanyia muhtasari vitabu hivyo, sura baada ya sura. Kazi hiyo ni zoezi jema kuliko insha nyingi za darasani.

Mwanafunzi mwenyewe ndiye mwenye sehemu kubwa kuliko zote. Katika miaka ya kwanza ya uhuru Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea kingine. Mfano huo husemwa mara nyingi juu ya wasomi wasiorudi. Lakini wako pia wanaorudi na mzigo mmoja, hali walikuwa na mabega mawili. Cheti wamekileta, yale waliyoyaishi wameyaacha njiani.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Vijana wa Bukoba na Muleba hawaendi bure, kwani wamegharimiwa, na huko waendako huokota mengi. Kinachobaki ni kwamba wakifika nyumbani, na mizigo ikifunguliwa mbele ya jamaa, pawepo mtu wa kuwauliza: umeokota nini? Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu wao wa zamani, au mkubwa wao wa kazi. Swali hilo halihitaji fungu katika bajeti.